Nilivyoipima Huruma ya Shosho wa Ghorofa ya Tatu

Swali la kwanza lilikuwa rahisi kuliko yote. Nililiweka mwanzoni makusudi, ili watu wazoee. “Nikimwona mtu anaumia, siwezi kumpita tu. Ni kweli kwako kwa kiasi gani, kuanzia moja hadi tano?”

Mama wa nyumba namba ishirini aliacha kusonga ugali, akanitazama.

“Anaumia nani?”

“Mtu yeyote.”

“Hapana, niambie ni nani. Kama ni yule wa kumi na sita aliyemwaga maji ya nguo juu ya mahindi yangu, huyo acha aumie kwanza kidogo.”

“Mama, chukua tu mtu kwa jumla.”

“Mtu kwa jumla sijawahi kukutana naye.”

Nilikuwa na penseli mkononi na visanduku vitano kwenye karatasi, na maswali mengine kumi na tisa yakinisubiri, na baada ya nyumba hiyo nyumba nyingine kumi na mbili. Aliponiona navuta pumzi, akanihurumia. “Haya, weka tano. Usilie.”

Ploti yetu, jengo la vyumba vya kupanga, iko Kware, Nairobi. Ina ghorofa saba na ngazi moja, na mtoto akilia kule juu, waliokaa chini wanajua ni wa nani na analilia nini. Mwenye ploti alichoka kuambiwa kwamba watoto wanacheza kwenye ngazi, akaamua kile chumba cha chini kilichokuwa stoo ya milango mibovu kisafishwe, kiwe mahali pa kuacha watoto mchana. Alikuwa na sharti moja tu: akina mama wenyewe wachague mtu mmoja wa kukiendesha, na yeye asiletewe maneno.

Waliokitaka walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Shosho, yaani bibi, wa ghorofa ya tatu, aliyekuwa amelea watoto wa ploti miaka yote hiyo katika chumba chake mwenyewe, watoto kumi na mmoja kati ya kitanda na jiko. Wa pili alikuwa mama wa chini, anayekaa karibu na geti, mwanamke kijana mwenye kicheko, anayemwita kila mtu mpenzi. Sina ubaya nilioujua juu yake wakati ule, na sijaujua mpaka leo.

Lakini hesabu ya Shosho ilikuwa wazi kwa kila mtu. Chumba cha chini kikienda kwa mwingine, nani angepanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu asubuhi akiwa amechelewa kazini? Angebaki bila watoto, na bila watoto asingeweza kukaa Nairobi. Angerudi Nyandarua kwa ndugu yake, mahali alipoondoka akiwa msichana, ambako hana hata kitanda.

Akina mama walibishana kwenye ngazi wiki mbili. Siku moja nikawapitia nikitoka kazini, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe. “Tunaweza kupima,” nikasema.

Niseme ukweli kuhusu elimu yangu. Niliishia kidato cha nne. Mchana ninachagua nguo za mitumba soko la Gikomba pamoja na shangazi yangu. Mzigo ukifunguliwa, mimi ndiye ninayetoa kamera, zile safi kabisa, halafu za kati, halafu fagia, zile mbovu za mwisho. Jioni nasoma kwenye simu. Ndivyo nilivyokutana na watu wanaopima tofauti za maadili: kwamba huyu anaweka huruma mbele, yule haki, mwingine uaminifu kwa watu wake, mwingine heshima kwa wakubwa, mwingine usafi wa mwili na roho, na kwamba kila mtu anaweza kupewa namba yake. Maisha yangu yote nimekuwa na wasiwasi kama mimi ni mtu mzuri. Kumbe kulikuwa na watu wanaoweza kukujibu hilo, tena kwa desimali. Nilifanya majaribio yote ya bure. Moja nililirudia mara tisa kwa sababu sikuipenda namba niliyopata ya uaminifu.

Basi nikatunga maswali yangu. Sentensi ishirini, nne kwa kila jambo. Niliziandika na kuzifuta mara kumi na moja. Sentensi ya saba, “Sheria lazima iwe moja kwa watu wote,” nilimsomea shangazi, akauliza, “Hata kwa mwenye mimba?” nikakaa siku tatu sijui niiweke wapi. Mwishowe nilienda kuchapisha kule mtaa wa Pipeline, na juu ya kila fomu nikaweka onyo langu mwenyewe kwa herufi kubwa: USIMSAIDIE MTU KUJIBU. Nilikuwa nimejifunza hivyo. Anayepima anauliza, anaandika, ananyamaza.

Kunyamaza kulinishinda kuanzia nyumba ya pili. Mume alikuwa nyuma ya pazia, na kila nilipouliza kuhusu msamaha, pazia lilijibu.

“Hiyo andika mbili! Huyo hasamehi!”

“Nyamaza, hujaulizwa wewe.”

“Andika mbili, madam. Mimi ndiye naishi naye.”

“Andika tano,” akaniambia mke, kwa sauti ya kusikika mpaka mtaa wa pili. “Tano! Na ungekuwa na sita ningechukua sita.”

Nyumba ya nne waliniambia nijaze tu, kwa kuwa nawajua. Nyumba ya saba mama alitaka kwanza kujua jirani yake amesema ngapi. Nilimweleza kuwa ni siri. “Sawa, siri,” akasema, “lakini niwekee moja zaidi yake.” Mama wa chini, mmoja wa wale wawili, alinikaribisha kwa chai, akajibu maswali yote ishirini kwa tano. Nikamwonyesha kwamba swali la tatu na la kumi na mbili yanapingana, hayawezi yote mawili kuwa tano.

“Kwangu mimi yote ni kweli, mpenzi,” akasema. “Ongeza sukari.”

Nilipowamaliza hao kumi na wawili, nilitandaza fomu kitandani Jumapili mchana nikajumlisha. Tano, tano, tano, nne na nusu, tano. Ploti nzima ilikuwa malaika. Watu wanaotupiana takataka kwenye korido, wanaohamishiana kamba za nguo, wanaosengenyana mpaka ngazi zinachoka, wote walikuwa na huruma sawasawa. Niliudhika karibu kulia. Kipimo kisichoonyesha tofauti hakijapima kitu. Kila somo nililolisoma lilisema hivyo, na lilisema kosa si la watu, ni la kipimo. Yaani ni langu.

Ndipo nikapanda kwa Shosho, aliyebaki peke yake.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo nililijua kabla sijabisha mlango wake, na ndiyo maana sina pa kujificha. Shosho ni mtu wa uamsho wa kanisani. Ni wa wale wapendwa wanaokutana kila Alhamisi kwenye ushirika na kujiweka nuruni. Hawasimami kusema tu “mimi ni mwenye dhambi” kisha wakakaa. Mtu anasimama anataja kosa lenyewe, na siku yake, na aliyemkosea: “Jumanne nilimwonea jirani yangu wivu kwa ajili ya mapazia yake.” Bibi yangu alikuwa mmoja wao. Utoto wangu wote niliwasikia wanawake wazima wakikiri kuiba kijiko cha sukari.

Shosho alifunga kitambaa chake vizuri, akaomba kwanza, akasema, “Uliza.”

“Nikimwona mtu anaumia, siwezi kumpita tu. Moja hadi tano.”

Alifumba macho. “Mwezi uliopita mama mmoja alianguka pale kwenye ngazi na mitungi yake ya maji. Nilikuwa nimechoka. Nilisikia, nikangoja kwanza kuona kama kuna mwingine atatoka. Alitoka mwingine. Hiyo ni ngapi?”

“Wewe ndiye unachagua, Shosho.”

“Basi ni ndogo. Weka mbili.”

“Shosho, hilo ni jambo la siku moja. Swali linauliza kwa kawaida.” Nilikuwa tayari nimevunja onyo langu mwenyewe.

“Kwa kawaida sijui. Hiyo siku naijua.”

Tuliendelea hivyo karibu saa mbili. Kila swali lilitoa siku yake. Tulipofika kwenye swali la kuwavumilia walio wadogo na dhaifu, alijishika kiwiko, akasema, “Nilimfinya mtoto. Hapa, juu ya kiwiko. Alilia kutoka asubuhi mpaka saa saba, na wale wengine wote wakaanza. Nilimfinya kwa hasira, si kwa kumfundisha. Weka moja.”

“Shosho, tafadhali.”

“Weka moja, mwanangu. Uliniomba ukweli ama uliniomba nini?”

Nikaweka moja. Pembeni ya kisanduku, kwa sababu mimi siwezi kuacha namba isiyo na maelezo, nikaandika kwa mwandiko mdogo: *alimfinya mtoto, kwa hasira*.

Nilijumlisha nikiwa bado kwenye ngazi. Huruma ya Shosho ilikuwa moja nukta tano. Wa mwisho kati ya watu kumi na watatu, na kwa mbali sana. Na nilifurahi. Nimejaribu mara nyingi kulisema hili kwa namna nyingine na haliwezekani. Nilijua kwa nini namba ile ilikuwa ndogo, nilijua kuliko mtu yeyote katika ploti, lakini mwishowe chati yangu ilikuwa na mtu wa mwisho. Kipimo kilifanya kazi.

Mkutano ulifanyika Jumapili iliyofuata, juu ya paa, chini ya nguo zilizoanikwa. Shosho na mama wa chini tuliwaomba wasije. Nilibandika karatasi ya manila ukutani, nguzo kumi na tatu za rangi, na badala ya majina niliweka herufi A mpaka M, kwa ajili ya siri. Nilizipanga kwa mfuatano niliowahoji, wa kwanza mpaka wa mwisho. Siri ilidumu kiasi cha dakika moja.

“Huyu M mfupi hivi ni nani?” akauliza mama wa ishirini.

“Haturuhusiwi kujua,” nikasema.

“M ndiye wa mwisho. Na wewe si ulikuwa unalia kwa ngazi ati Shosho amekuweka masaa mawili na yeye ndiye wa mwisho?”

Wengine walicheka. Halafu hawakucheka tena. Nilianza kueleza kwamba namba peke yake haitoshi, na nilipogeuka kuonyesha kitu kwenye manila, mama wa ishirini akachukua faili langu kwenye ndoo nilikoliweka, akaifungua fomu ya mwisho na kusoma kwa sauti maneno yale madogo ya pembeni.

Kulikuwa na upepo, na shuka moja ilikuwa ikimpiga mtu kichwani, na hakuna aliyeisogeza.

“Alimfinya mtoto gani?”

“Sijui,” nikasema. Kweli sikujua. “Lakini sikilizeni, hizo namba haziwezi kuaminiwa. Yeye amesema makosa yake, nyinyi hamkusema yenu. Nyinyi mmejiwekea tano!”

“Kwa hivyo sisi ni waongo?”

“Sikusema hivyo.”

“Profesa, si ni wewe umezileta, na rangi juu? Leo asubuhi zilikuwa za kuaminiwa?”

Kila nilichosema kilirudishwa kwangu kikiwa na mwandiko wangu. Walikubaliana kwamba mama wa chini ndiye, na kwamba kesho yake, Jumatatu, watoto wote wangeanza kupelekwa kwake hata kabla chumba hakijapakwa rangi. Mwanamke mmoja tu hakusema neno. Ni yule wa ghorofa ya tano anayefanya kazi kiwandani Industrial Area. Alimpangusa mtoto wake kamasi, akashuka.

Nilienda moja kwa moja kwa Shosho. Nilitaka anifokee. Alikuwa amekwisha kusikia, ploti ni ploti, na alikuwa akichambua dengu.

“Wamekusoma vibaya,” nikasema.

“Wamesoma ulichoandika. Na umeandika nilichosema. Kosa liko wapi?”

“Kosa ni kwamba wewe si wa mwisho! Njoo uwaambie. Yule mtoto uliyembeba mgongoni mpaka hospitali siku ya mvua, waambie. Miaka yote hiyo, waambie.”

“Nisimame nijisifu?”

“Si kujisifu, Shosho, ni kujitetea!”

“Nilimfinya. Unataka niseme sikumfinya?”

“Hata wengine wanafinya!”

“Hao watasema yao.”

Sijawahi kumkasirikia mtu mzuri kiasi kile. Alikuwa anapoteza nyumba na aliendelea kutoa vijiwe kwenye dengu kimoja kimoja. Nikamwuliza, kwa ukali ambao sasa unanitia aibu, kama alijua Nyandarua kuna baridi. Akasema anajua, alizaliwa huko.

Nilipotoka, nikipanda kwangu, nilimkuta yule mama wa kiwandani mlangoni kwake, ghorofa ya tano, kama aliyekuwa akinisubiri.

“Ni wangu,” akasema. “Aliyefinywa.”

“Pole,” nikasema. “Hukujua?”

“Nilijua. Aliniambia siku ile ile, kabla sijavua viatu. Alinishika mkono akanionyesha mahali penyewe, akaomba msamaha, mimi na mtoto. Hata alama haikuwa imebaki.”

“Sasa mbona hukusema kule juu?”

“Ningesema najua mtoto wangu alifinywa na bado nampeleka? Mbele ya nani? Mbele ya yule wa ishirini?” Akanitazama. “Na wewe ulisema ni utafiti. Nilifikiri utafiti unajua.”

Asubuhi ya Jumatatu nilisimama kwenye ngazi, kwenye ile sehemu pana kati ya chini na ghorofa ya kwanza, mahali ambapo lazima kila mtu apite. Nilikuwa nimeandika hotuba yangu na kuirekebisha mara nne, na nilipoona wanashuka na watoto na mifuko ya nepi, hotuba yote ilinitoka kichwani.

“Nimeharibu,” nikasema. “Msichague kwa karatasi yangu.”

“Ai, tena? Saa hii?” Mama wa ishirini alikuwa na mtoto kiunoni na kiatu kimoja mkononi. “Msichana, watu wana kazi.”

“Nilijua Shosho anajibu vile watu wa ushirika wanajibu. Nilijua tangu swali la kwanza. Nikaandika tu, kwa sababu nyinyi wote mlikuwa sawa na nilitaka tofauti. Alipotoka na namba ndogo kuliko wote, nilifurahi.”

Nilifikiri wataniheshimu kwa kusema.

“Kwa hivyo ulikuwa unatafuta mbaya,” akasema mama wa ishirini polepole, “ukampata.”

“Ndiyo.”

“Na sasa hutaki tena awe mbaya.”

“Hakuwa mbaya hata siku moja!”

“Sasa sisi tukuamini lini? Jana ama leo?”

Nyuma yao yule mama wa kiwandani alikuwa ameshuka na mtoto wake hadi karibu nasi. Alisikiliza, kisha akageuka akaanza kupanda tena. Alipofika mahali ngazi inapopinda, akasimama, akamtazama mama wa ishirini.

“Huyo aliyefinywa ni huyu wangu, na niliambiwa na Shosho mwenyewe, mlangoni. Huko chini wako akifinywa, nani atakwambia?”

Akaendelea kupanda kuelekea kwa Shosho. Wawili wakamfuata mara moja. Wengine walisimama wakihamisha uzito wa watoto kutoka kiuno kimoja hadi kingine, na saa ilikuwa inakwenda, na kila mmoja alikuwa na mahali pa kufika kabla ya saa moja. Sikuwaambia waende wapi. Nilikuwa nimeng'ata mdomo mpaka unauma. Wakapanda wengine wawili. Sita wakashuka, akiwemo mama wa ishirini, ambaye aliponipita alinisukuma kidogo kwa bega.

Sita kwa watano. Msimamizi aliyewekwa na mwenye ploti hakuhitaji zaidi ya hapo, na siku hiyo hiyo alimpa mama wa chini ufunguo. Tofauti ya mtoto mmoja. Nimewaza sana juu ya huyo mmoja. Kama nisingepanda juu ya paa na rangi zangu, nadhani Shosho angepata kile chumba.

Lakini watano walimtosha kubaki. Jioni ile nilipanda kumwambia, nikiwa tayari kusema pole yangu yote. Nilianza, na sikuwa nimefika hata kwenye lile swali la kwanza nililomwuliza aliponikatiza.

“Nimekusamehe asubuhi, nilikusikia kutoka hapa. Shika hivi.” Alikuwa ameviringisha magodoro sita madogo ya watoto na kuyafunga kwa kamba. “Peleka chini. Wale hawalali bila hizi. Wamezizoea.”

“Shosho, ni zako!”

“Ni za kulalia. Hapa atazilalia nani?”

Ningeweza kupiga kelele. Niliyabeba, mawili mawili, mara tatu, ngazi juu na chini, nikinung'unika peke yangu, na watu walionipita wakinisalimu “sasa, profesa” bila kusimama. Mama wa chini alinifungulia mlango wa kile chumba kwa furaha. Kilikuwa bado kinanuka mbao za zamani. Aliyapokea magodoro, akasema Mungu ambariki Shosho, na nilimwona kweli machozi yakimlengalenga. Halafu akanishika mkono.

“Mpenzi, ile karatasi ya rangi iko wapi?”

“Kwa nini?”

“Nataka kuibandika hapa kwa mlango. Mzazi akija aone mimi nilikuwa wa kwanza.”

“Nimeichana. Kipimo chenyewe kilikuwa kibovu.”

“Kilikuwa kibovu kwa wengine,” akasema. “Changu kilitoka sawa. Si unaweza kuchora nyingine?”

Nilimwambia hapana. Alinitazama kama mtu aliyenyimwa haki yake, na pengine ndivyo alivyokuwa, maana mimi ndiye niliyemwandikia zile tano. Nikalilaza godoro la mwisho sakafuni, nikalinyoosha pembe zake nne mpaka zikakaa sawa na ukuta, kisha nikapanda tena kwa Shosho kuchukua mablanketi.